Kuona Si Kupona: Wiki Sita Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Mama mkubwa alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi tukamrudisha hospitali. Sista akabandua plasta na kile kikombe cha plastiki, akampangusa kope, akamwambia afumbue. Tukiwa njiani kurudi Majengo, hapa Nairobi, gari likakwama kwenye msongamano wa soko la Gikomba, naye akasoma kwa sauti kibao cha kadibodi kilichochomekwa juu ya rundo la mitumba: "Hamsini hamsini." Ilikuwa miaka mitatu hajasoma kitu cha mbali namna ile. Abiria wa kiti cha nyuma akacheka, akasema, "Hongera, mama."

Saa kumi jioni nikamkuta ameinama juu ya jiko, anapuliza makaa.

"Mama, wewe!"

"Si naona?" akanijibu, majivu yametua kwenye nyusi.

Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi tangu siku ile, na ndilo linaloharibu macho yaliyokwisha kutengenezwa. Kuona na kupona havisafiri kwa gari moja. Kimoja hufika kesho yake asubuhi, kingine huja kwa miguu na huchukua wiki nne hadi sita.

Ukijua kilichofanywa ndani ya jicho utaelewa kwa nini. Nyuma ya ile duara ya rangi kuna lenzi tuliyozaliwa nayo, maji na protini, imefungwa ndani ya kifuko chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Miaka ikisonga, protini hizo hushikana na kufanya ukungu, na huo ndio mtoto wa jicho, kama tui linavyokatika likiachwa lichemke bila kukorogwa. Kisukari huharakisha mambo, na vilevile jeraha la jicho au kutumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe. Daktari hatoi kifuko. Hukifungua upande wa mbele, akatoa kilichomo, kisha akaweka lenzi ya bandia ndani ya kifuko kilekile. Mara nyingi kazi yenyewe haifiki nusu saa. Kioo chenye ukungu kimetoka, safi kimeingia, basi mtu anaona.

Kidonda kiko kwingine. Kiko ukingoni mwa konea, yaani ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, au kwenye weupe ulio karibu nayo. Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ya mashine ya mawimbi ya sauti, inayovunjavunja lenzi na kuinyonya kupitia tundu la milimita 2 au 3. Ya pili hufanywa kwa mkono, na lenzi hutoka nzima kupitia mlango wa kama milimita 6 au 7. Hii ya pili ndiyo utakayoikuta sana kwenye kambi za macho, na kwa watu waliochelewa mpaka lenzi ikawa ngumu kama kokwa. Zote mbili kwa kawaida hazishonwi. Mlango umekatwa kimshazari kwa makusudi, ili presha ya maji ya ndani ya jicho iusukume na kuufunga.

Fikiria vali ya mpira wa miguu. Upepo wa ndani ndio unaokibana kilimi, tundu likaziba. Lakini ukibonyeza pembeni mwa vali, upepo unatoka kidogo, na ukiachia, mpira unavuta kilichoko nje. Jicho lililosuguliwa siku ya tatu hufanya vivyo hivyo, ila linachovuta ni machozi na vijidudu vya kwenye kope. Na kwa kuwa konea haina mishipa ya damu, haifungi kidonda kwa haraka ya kidole kilichokatwa na kisu. Utando wa juu huziba ndani ya siku moja au mbili, lakini tabaka za chini yake huendelea kushikana kwa wiki kadhaa. Wakati huo wote mgonjwa haumwi popote, na kutoumwa huko ndiko kunakomdanganya.

Nyumba ilipojaa wageni, kila mmoja alikuja na sharti lake. Afungiwe kwenye chumba chenye giza. Asitazame televisheni. Asile nyama wala maharagwe. Asigeuze shingo. Mzee mmoja akaapa kwamba marehemu kaka yake alilazwa chali siku nyingi, kichwa kimebanwa na mifuko ya mchanga kushoto na kulia.

Nilitaka kucheka, lakini yule mzee hakuwa anasema uongo. Alikuwa anakumbuka operesheni nyingine. Zamani konea ilikatwa karibu nusu ya mzunguko wake, na mgonjwa kweli aliwekewa mifuko ya mchanga asitikisike. Lenzi ilitolewa bila kuwekwa nyingine, mtu akamaliza maisha yake na miwani minene kama kitako cha chupa ya soda. Mambo yalianza kubadilika Novemba 1949, pale daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia ndani ya jicho katika hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa amewatibu marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, akagundua kwamba jicho lilivivumilia vile vipande. Mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akaleta mashine ya mawimbi, wazo alilolipata kwenye kifaa cha daktari wa meno, na kidonda kikapungua mpaka kuwa kijitundu. Operesheni ikabadilika, masharti yakabaki vichwani mwa watu.

Kwa hiyo televisheni iwashwe. Jicho halichakai kwa kutazama, na kusoma hakufungui kidonda. Nyama na maharagwe ale, pamoja na papai na sukuma wiki kwa wingi, maana kujikamua chooni ni kujikaza, na kujikaza hupandisha presha ya jicho. Dawa zake za presha na kisukari aendelee nazo kama kawaida. Kwa mwenye kisukari hili si dogo: sukari ikiwa juu, kidonda hukawia kufunga, na sehemu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inayoona vitu vidogo ni rahisi zaidi kuvimba.

Makatazo yaliyobaki ni machache na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni mkono. Usisugue, usibonyeze, usifikiche. Hata asiye na tabia hiyo hujisugua usingizini, na ndiyo kazi ya kile kikombe cha plastiki chenye vitundu: huvaliwa usiku kwa wiki moja hivi, kimebandikwa kwa plasta kuanzia paji la uso hadi shavuni. Mtu alale chali, au kwa upande usiofanyiwa operesheni.

La pili ni maji. Maji ya bomba, ya tangi au ya mtungi, hata yakiwa meupe kiasi gani, yana vijidudu visivyolidhuru jicho zima lakini vinavyoweza kuliangamiza lenye mlango wazi. Kwa wiki mbili za kwanza mama mkubwa alioga kuanzia shingoni kushuka chini, uso ukapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Nywele alioshwa kwa mtindo wa saluni, kichwa kimelazwa nyuma. Kuhusu udhu tulimuuliza imamu, akasema mgonjwa ana nafasi yake katika dini: apanguse pale pasipodhurika, jicho aliache. Kuogelea kungoje mwezi, na kwanza daktari aruhusu.

Kuinama ndiko kunakobishaniwa. Kwa tundu la milimita 2, madaktari wengi siku hizi hawamkatazi mtu kufunga kamba za viatu. Kwa mlango mkubwa zaidi huwa wakali zaidi. Mama mkubwa alikuwa na mlango mkubwa, akaambiwa wiki mbili asisujudu, akaswali kitini. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na hapo hakuna ubishi: aunyanyue mtu mwingine. Jiko la makaa nalo lina makosa yote kwa mpigo, maana mtu huinama, hupuliza, moshi humwingia na majivu humrukia. Tukamhamishia kwenye gesi, na vitunguu akakatiwa na wajukuu. Hilo la vitunguu sikulipata kwa daktari yeyote, ni huruma yetu tu.

Sasa matone, ambayo mimi nayahesabu kuwa nusu ya operesheni.

Tulipewa chupa mbili na karatasi. Moja ilikuwa dawa ya kuua bakteria, ya wiki ya kwanza au mbili. Ya pili, steroidi, hutuliza uvimbe, na kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa hivi: "Pred RE QID 1/52, TDS 1/52, BD 1/52, OD 1/52." Hospitali siitaji, maana karatasi za namna hiyo nimeziona kutoka zaidi ya moja. Mjukuu wa kidato cha pili akaichukua, akakunja uso, akatangaza kwamba dawa igawanywe mara hamsini na mbili. Mama mkubwa akaikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya mkoba, akasema atatia "kila jicho likiwasha."

Hakuna sehemu ya haya yote inayonikera kama hiyo. Unampasua mama wa miaka sabini jicho kwa ustadi mkubwa, kisha unamkabidhi fumbo. Basi nalifumbua hapa, labda litamfaa mwingine. Pred ni prednisoloni, ndiyo ile steroidi. QID ni mara nne kwa siku, TDS mara tatu, BD mara mbili, OD mara moja. Ile 1/52 ni wiki moja, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Vivyo hivyo 1/12 ni mwezi mmoja na 3/7 ni siku tatu. RE ni jicho la kulia, LE la kushoto. Na hapa pana mtego: wataalamu wa macho hutumia pia OD kumaanisha jicho la kulia, na OS la kushoto. Ukiona OD, usikisie. Muulize aliyeandika kabla hujatoka mlangoni.

Karatasi ile ilisema, basi, wiki ya kwanza mara nne, ya pili mara tatu, ya tatu mara mbili, ya nne mara moja. Kushuka huko ngazi kwa ngazi kuna maana yake. Jicho lililoguswa huvimba ndani, na steroidi ndiyo inayouzuia ule uvimbe. Ukiikata ghafla siku ya kumi kwa kuwa unaona vizuri, uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu, jicho likawa jekundu, likaogopa mwanga, na kuona kukapungua. Ukiipitisha muda wake nayo, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta kimyakimya glakoma, ugonjwa unaoua neva ya kuonea. Kwa sababu hiyo haifai kununuliwa kwenye kemisti kwa kuonyesha chupa tupu. Daktari wako anaweza kukupangia wiki sita badala ya nne, fuata yake.

Matone ya mara nne tuliyafungamanisha na swala, alfajiri, adhuhuri, magharibi na isha, kwa kuwa hizo mama mkubwa hazisahau. Asiyeswali afungamanishe na chai na taarifa ya habari.

Kutia kwenyewe kuna ufundi. Nawa mikono kwa sabuni. Ikiwa dawa ni nyeupe kama maziwa, itikise chupa. Mgonjwa alale au ainue uso, uvute kope la chini kwa kidole mpaka lifanye kijifuko, udondoshe tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa kope. Afumbe taratibu, asikaze. Bonyeza kwa wepesi pembe ya ndani ya jicho, pale karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Kuna mfereji pale unaopeleka machozi puani, na usipoubana utaonja uchungu wa dawa kooni. Kati ya dawa moja na nyingine ngoja dakika tano, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza.

Nimesema tone moja. Kile kijifuko hakina nafasi ya la pili, litamwagika shavuni. Halafu piga hesabu: chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Nne kwa siku saba ni 28, tatu ni 21, mbili ni 14, moja ni 7, jumla 70. Chupa moja inatosha mwezi mzima na inabaki. Anayetia matatu matatu "ili ipenye" ataimaliza kabla ya siku ya kumi, akose hela ya nyingine, akaacha katikati. Wengi wanaosema dawa iliisha mapema, iliishia mashavuni.

Iliyobaki itupwe; chupa ikishafunguliwa haipiti wiki nne. Jirani yetu alikuja kuomba yetu, mwanawe ameamka na macho mekundu. Tulimnyima, akanuna. Lakini steroidi kwenye jicho lenye aina fulani ya maambukizi ni kama kumfungia mlinzi na kumwachia mwizi nyumba. Kwa jicho lolote, la mtoto au la mtu mzima, hayo hayo nayasema kuhusu asali, maziwa ya mama, majani ya chai na mate. Kisicho kwenye karatasi ya daktari hakiingii jichoni.

Siku za mwanzo jicho lina vituko, na vingi havina ubaya. Huwasha, na mtu huhisi kama kuna chembe ya mchanga, kwa kuwa vineva vya konea vimekatwa na machozi hayajatulia. Mwanga humchoma, na miwani ya jua husaidia, hasa katika jua letu hili la karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wengine huona kivuli kama mwezi mwandamo pembeni, ambacho kwa kawaida hufifia baada ya wiki kadhaa.

Cha kupendeza zaidi ni rangi. Lenzi kuukuu huwa na umanjano, na mtu hajui kwa kuwa umekuja polepole. Mama mkubwa alikuwa na leso ambayo kwa miaka mingi aliiona imechujuka, rangi ya maji ya kahawa. Siku ya nne aliianika, akaizunguka, akaishika pindo, akaniita. Ilikuwa nyeupe. Akafumba jicho la kulia, akaitazama kwa la kushoto: kahawa. Akalifumbua: nyeupe, na ndani yake buluu kidogo. Alifanya hivyo mara nyingi uani pale mpaka watoto wa jirani wakaanza kumwigiza.

Si kila mtu huona siku ya kwanza, na hili huleta majungu baina ya wagonjwa waliofanyiwa siku moja. Lenzi iliyokuwa ngumu sana hutolewa kwa kazi zaidi, konea ikavimba, na mgonjwa akaona ukungu kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Cha kuangalia ni mwelekeo: leo kuwe afadhali kuliko jana, au angalau kusiwe kubaya zaidi.

Mwelekeo ukigeuka, hapo usingoje. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kulikokuja kisha kukaanza kuondoka, hizo zaweza kuwa dalili za maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya elfu katika hospitali nzuri, lakini mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza, na jicho hupotea kwa saa, si kwa siku. Vilevile mimweko kama ya radi, vinukta vyeusi vingi vya ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja: hizo ni dalili kwamba retina inabanduka. Usisubiri tarehe ya kliniki wala Jumatatu, na usipitie kemisti. Nenda usiku huohuo pale ulipopasuliwa, na ikiwa ni mbali, hospitali yoyote yenye daktari wa macho. Hapa Nairobi na viunga vyake hatujanyimwa: hospitali ya Kenyatta ipo, ya macho ya Loresho ipo, ya Kikuyu si mbali.

Miwani mipya ingoje. Kipimo cha jicho hubadilikabadilika kidonda kinapofunga, kwa hiyo ukipima wiki ya pili utalipia lenzi zisizokufaa wiki ya sita. Lenzi ya kawaida inayowekwa huwa imepangwa kuona mbali, hivyo kusoma kutahitaji miwani hata mambo yakienda sawasawa, operesheni haijafeli. Na kabla ya jicho la pili kufanyiwa, macho mawili hayakubaliani. Mama mkubwa alimimina chai nje ya kikombe mara mbili, na ngazi akawa anazipapasa kwa mguu kwanza. Wenye fleti za ghorofa washike reli.

Miezi au miaka ikipita, huenda ukungu ukarejea, na mtaa mzima utasema mtoto wa jicho amerudi. Hawezi kurudi, lenzi aliyokaa haipo tena. Ni kile kifuko kilichoachwa nyuma kinachopata utando. Hufunguliwa kwa leza kwa dakika chache, bila kisu, na mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Jicho la kushoto limepewa tarehe mwezi ujao. Wakati wa kliniki ya mwisho, daktari alipomaliza kupima presha na kuanza kuandika, mama mkubwa alinyoosha mkono akaifunika karatasi. "Andika kwa Kiswahili, mwanangu," akamwambia. "Na uandike kubwa, ingawa naona."